Nyumba Iliyohamwa na Kodi Yake

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu ni la wenye mali peke yao, na kwa kulichungua ni la kila mtu alalaye chini ya paa, awe amelijenga, amelinunua au amelipanga: nalo ni kodi ya majengo, na ahueni ambayo serikali humpa mtu kwa sababu anaishi katika nyumba yake mwenyewe, na yale yanayoipata ahueni hiyo siku mwenye nyumba anapofunga virago, akahamia mji mwingine, akamkabidhi mpangaji funguo.

Nimelichagua kwa sababu jamaa zetu walioko Marekani, wauguzi, madereva, walimu na wenye biashara, wengi wao wamekwisha kununua nyumba huko, katika miji ya Houston na Dallas, Orlando na Tampa, Minneapolis na mingineyo. Na desturi ya nchi ile ni kwamba kazi humhamisha mtu kama upepo uhamishavyo jahazi, leo yuko kusini, mwakani yuko kaskazini. Mtu wa kwetu akihamishwa, aghalabu hapendi kuuza. Amefunzwa tangu utotoni kwamba nyumba ni akiba na ni heshima, na ya kwamba mwenye kuuza nyumba bila dhiki hana tofauti na mwenye kula mbegu. Basi huipangisha, akafurahi kwamba pango litamlipia mkopo wa benki, akasahau kwamba hesabu aliyoizoea ilisimama juu ya nguzo moja ambayo ameiondoa mwenyewe kwa mkono wake.

Tuichukue Florida, jimbo ambalo habari zake katika kadhia hii ziko wazi kuliko za majimbo mengi. Florida haimtozi mtu binafsi kodi ya mapato ya jimbo, na kwa sababu hiyo gharama za shule, za zimamoto, za polisi na za utawala wa kaunti zimeegemea kwa sehemu kubwa juu ya ardhi na majengo. Mwaka 1934, katika miaka ile ya dhiki kuu ya uchumi, wakati ambapo mtu aliweza kuzipoteza nyumba na shamba kwa kushindwa kulipa kodi, wapiga kura wa jimbo hilo waliandika katika katiba yao kwamba dola 5,000 za kwanza za thamani ya nyumba anayoishi mwenyewe zisitozwe kodi. Tangu hapo kiasi kimepandishwa mara kadhaa. Siku hizi dola 25,000 za kwanza zimesamehewa kodi zote za majengo, na juu yake kuna msamaha wa pili, wa kiasi kama hicho, unaoangukia sehemu ya thamani iliyo juu ya dola 50,000, ila huo wa pili hauhusu kodi ya shule, na tangu 2025 umefungamanishwa na mfumuko wa bei ili usiliwe na wakati.

Hata hivyo msamaha huo si kitu kikubwa ukilinganishwa na ndugu yake. Mwaka 1992 wapiga kura hao hao walikubali sharti jingine, likaanza kutumika 1995, kwamba thamani inayotumiwa kukadiria kodi ya nyumba ya makazi isipandishwe katika mwaka mmoja zaidi ya asilimia 3, au zaidi ya mfumuko wa bei ikiwa huo ni mdogo kuliko asilimia 3. Soko la nyumba litaruka litakavyo, lakini kitabu cha mthamini wa kaunti kitapanda taratibu, hatua kwa hatua. Na baada ya miaka kumi au kumi na tano mtu hujikuta anaishi katika nyumba ambayo kwa soko ina thamani moja, na kwa kodi ina thamani nyingine iliyo nusu yake au karibu na nusu yake. Pengo hilo halimo katika hati yoyote aitunzayo mtu sandukuni. Limo katika sharti moja tu, kwamba yeye yumo ndani.

Naomba ruhusa nipige hesabu, kwa mfano nilioutunga lakini usiotoka nje ya kanuni. Nyumba ina thamani ya dola 400,000 kwa soko, na kwa sababu mwenyewe ameishi humo miaka mingi, kitabu cha mthamini kinasema 220,000. Ukiondoa misamaha miwili, kwa kiwango chake cha kale cha dola 25,000 kila mmoja, kodi ya shule inahesabiwa juu ya 195,000, na kodi nyinginezo juu ya 170,000. Ikiwa shule zinadai dola 6 kwa kila elfu, na wadai wengine kwa jumla yao dola 12 kwa kila elfu, mwenye nyumba huyu atalipa dola 3,210 kwa mwaka. Sasa ahame, aipangishe, na hadhi ya makazi iondoke: mthamini anairudisha nyumba katika thamani ya soko, misamaha yote miwili inafutwa, na kodi inakuwa dola 7,200. Hakuna tofali lililoongezwa wala bati lililobadilishwa, na barabara iliyo mbele ya mlango ni ile ile. Lakini kodi imezidi maradufu, na nyongeza yake ni dola 3,990, ambazo ukizigawa kwa miezi kumi na miwili ni takriban dola 332 kila mwezi. Mtu aliyepanga pango lake kwa kutazama deni la benki na kodi ya mwaka jana amekwisha kupata hasara kabla mpangaji hajatundika pazia.

Je, ni lini hasa hadhi hiyo huondoka? Sheria ya Florida inasema kwamba kuipangisha nyumba yote, au sehemu yake iliyo kubwa, ni kuiacha isiwe makazi. Siku inayotazamwa ni tarehe 1 Januari: hali ya nyumba ilivyo siku hiyo ndiyo iamuayo kodi ya mwaka mzima. Aliyeipangisha baada ya siku hiyo haupotezi msamaha wa mwaka ule kwa sababu hiyo peke yake, ila akipangisha zaidi ya siku 30 katika mwaka, na akafanya hivyo miaka miwili mfululizo, hana tena udhuru. Aliye katika utumishi wa jeshi amewekewa hukumu yake: akiitwa kazini aweza kupangisha nyumba yake na asiondolewe hadhi. Naiona hukumu hiyo ni ya haki, maana askari hakujichagulia safari.

Walio wengi hawaisomi sheria hii, na kwa hiyo habari huwafikia kwa mlango wa nyuma. Huko Marekani mtu aliyekopa benki kwa kununua nyumba kwa kawaida hailipi kodi ya majengo kwa mkono wake. Benki humkata kila mwezi pamoja na deni na bima, ikaweka fedha hizo katika akaunti ya amana, na kaunti inapotoa hati ya madai mwezi wa Novemba, benki ndiyo ilipayo. Ilani ya makadirio huja mapema zaidi, yapata mwezi wa Agosti, imeandikwa thamani mpya na kodi inayotarajiwa. Lakini bahasha hiyo hupelekwa kwenye anwani ya zamani, akaipokea mpangaji, akaiweka juu ya rafu pamoja na matangazo ya maduka kwa kudhani kwamba si yake. Mwenye nyumba hana habari. Mwaka unaofuata benki inatazama amana, inakuta upungufu, na inaandika barua yenye mambo mawili kwa pamoja: malipo ya kila mwezi yameongezwa ili yatosheleze kodi mpya, na yameongezwa tena ili kuziba pengo la mwaka uliopita. Hapo ndipo mtu huanza kupiga simu usiku kwa jamaa zake akiuliza amekosa nini, ilhali muda wa kupinga makadirio umekwisha kupita.

Walakini huyo ana nafuu kuliko mwenzake, yule ambaye barua haikumjia kwa sababu hakumwarifu mthamini kwamba amehama. Kuna maneno yanayosemwa katika mikusanyiko, na pengine husemwa na madalali ambao ingewapasa kujua zaidi: acha tu, usiguse kitu, kaunti ina nyumba maelfu kwa maelfu, ni nani atakayejua? Nasema kwa dhati ya moyo kwamba hayo ni mashauri mabaya, ya kumtia mtu katika shimo. Kwanza, kujulikana ni jambo jepesi: mtu amebadilisha anwani ya barua zake, leseni yake ya kuendesha gari imetolewa mahali pengine, amejiandikisha kupiga kura katika kaunti nyingine, au ameomba msamaha wa makazi kwa nyumba yake mpya wakati ule wa zamani ungali hai, na sheria haimruhusu mtu kuwa na makazi mawili ya msamaha, hata yakiwa katika majimbo mbalimbali. Pili, adhabu yake ni kali. Florida yaweza kurudi nyuma hadi miaka 10, ikadai kodi yote iliyokwepwa, na juu yake adhabu ya asilimia 50, na juu ya hayo riba ya asilimia 15 kwa mwaka, kisha deni hilo likawekwa kama rehani juu ya mali. Katika mfano wetu, miaka mitatu tu ya kunyamaza ni kodi ya dola 11,970 na adhabu ya 5,985, yaani dola 17,955 kabla riba haijahesabiwa. Ni fedha za kumsomesha mtoto.

Na tena kuna jambo ambalo mwenye kunyamaza hujinyima pasi na kujua. Tangu 2008 katiba ya Florida inamruhusu mtu aliyeiacha nyumba yake ya makazi kulichukua lile pengo baina ya thamani ya soko na thamani ya kodi, hadi kiasi cha dola 500,000, akalihamishia katika nyumba mpya ya makazi atakayoipata ndani ya jimbo hilo hilo. Haimlazimu kuuza ile ya zamani. Inatosha aiache hadhi yake ya makazi kwa uwazi, na aombe ndani ya muda uliowekwa, ambao wapiga kura waliurefusha mwaka 2020 ukawa miaka 3. Basi aliyehama kutoka Tampa kwenda Jacksonville, akasema kweli, aweza kuibeba faida ya miaka yake kumi na mitano akaenda nayo. Na yule aliyeng'ang'ania msamaha wa nyumba aliyoipangisha huenda muda ukampita, akakosa huku na kule.

Majimbo hayakufanana, na ni kosa kubwa kuchukua hukumu ya jimbo moja ukaipeleka katika jingine. Huko Texas, ambako nako hakuna kodi ya mapato ya jimbo, msamaha wa makazi kwa kodi ya shule umekuwa ukipandishwa kwa kasi, kutoka dola 40,000 hadi 100,000 mwaka 2023, kisha 140,000 kwa kura ya mwaka 2025. Na makadirio ya nyumba ya makazi hayapandi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sheria yake inamvumilia mtu aliyeondoka kwa muda: ikiwa hakujiwekea makazi makuu mahali pengine, na amekusudia kurejea, na hakukaa nje miaka miwili, nyumba haipotezi hadhi yake. Nia ya kurejea inahesabiwa, lakini lazima iwe nia ya kweli, ya mtu ambaye hakuweka kitanda cha daima kwingine.

California ni kinyume cha hayo. Kule, kwa sharti lililopitishwa na wapiga kura mwaka 1978, kodi ya msingi ni asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mwenyewe au ijengwe upya, na kinga hiyo ni ya kila jengo, la kuishi na la kupangisha na la duka pia. Anayehama na kupangisha anapoteza msamaha mdogo wa dola 7,000 za thamani, ambao ni kama dola 70 za kodi kwa mwaka, basi. Jamaa aliyezoea California akahamia Florida huiona Florida kuwa ina dhuluma, na aliyetoka Florida huiona California kuwa ni pepo ya wenye nyumba. Na wote wawili wanatazama faida ambayo watu fulani wengine wanailipia, kama nitakavyosema.

Michigan huwaondolea wakaazi wa nyumba zao wenyewe kodi ya uendeshaji wa shule, inayofika dola 18 kwa kila elfu ya thamani inayotozwa kodi. Na aliyehama hana budi kuandika hati ya kuufuta msamaha huo ndani ya siku 90, asipofanya hivyo anatozwa dola 5 kwa kila siku ya kuchelewa, mpaka 200. Ila nyumba iliyohamwa ikawa inatafutiwa mnunuzi, wala haikupangishwa, yaweza kuhifadhiwa msamaha wake kwa muda hadi miaka mitatu. Angalia jinsi watunga sheria walivyoipima hali ya mwanadamu: aliyekwama na nyumba isiyouzika wamemhurumia, na aliyeanza kula pango lake wamemwambia kwamba sasa wewe ni mfanyabiashara.

Minnesota inatupasa tuitazame kwa makini, kwa sababu watu wa Afrika Mashariki ni wengi huko, na kwa sababu sheria yake inaijua familia kwa namna ambayo sheria nyingi za Magharibi hazijui. Mtu mwenye nyumba asiyoishi humo aweza kuendelea kupata hadhi ya makazi ikiwa jamaa yake ndiye akaaye humo: mzazi au mtoto, babu, bibi au mjukuu, ndugu wa kike au wa kiume, mjomba au shangazi, au mtoto wa ndugu, wa damu au wa ndoa. Kwa hiyo mwana aliyehamishiwa Chicago akamwachia mama yake nyumba ya Minneapolis hakupoteza hadhi hiyo, mradi mama aombe na ajiandikishe kwa mthamini wa kaunti. Lakini binamu hamo katika orodha hiyo. Kwetu sisi mtoto wa mjomba ni ndugu, halazwi nje ilhali nyumba ipo. Mbele ya mthamini wa kaunti, nyumba akaayo mtoto wa mjomba ni nyumba ya mpangaji, hata kama halipi senti moja. Wenye jamaa wa namna hiyo ndani ya nyumba zao na walijue hilo mapema.

Kabla sijafika kwenye neno lililonileta, nipite kwa haraka kwenye kodi ya pili inayomngoja mtu huyu, ile ya faida ya kuuza. Serikali ya shirikisho ya Marekani, kwa sheria ya mwaka 1997, inamsamehe muuzaji wa nyumba ya makazi faida ya hadi dola 250,000, au 500,000 kwa mume na mke, ikiwa aliimiliki na akaishi humo miaka 2 katika miaka 5 iliyotangulia kuuzwa. Maana yake ni kwamba aliyehama ana kama miaka mitatu ya kupangisha kabla mlango huo haujafungwa. Akiuza katika muda huo msamaha ungalipo, isipokuwa ile sehemu aliyoruhusiwa kuipunguza kila mwaka kwa uchakavu wa jengo, ambayo hutozwa hadi asilimia 25. Sheria za kwetu zina mizani nyingine. Kenya humtaka mtu awe ameishi katika nyumba miaka mitatu mfululizo iliyotangulia kuihamisha, kwa hiyo aliyeipangisha nyumba yake ya Nairobi mwaka mmoja tu kabla ya kuiuza amekwisha kutoka katika msamaha. Tanzania huhesabu miaka mitatu kwa jumla yake, hata ikiwa ya vipindi vipindi, lakini faida ikizidi shilingi milioni 15 msamaha haupo. Mtu mwenye nyumba katika nchi mbili asijidanganye kwamba kanuni ya moja itamwokoa katika nyingine.

Sasa nije kwenye swali la haki, ambalo kwangu mimi ndilo zito. Wako wanaolalamika kwamba ni uonevu kumwondolea mtu msamaha ati kwa kuwa amehama, na hoja yao ni kwamba nyumba ni ile ile, matumizi ya barabara na maji ni yale yale, na mwenye mali hakutajirika. Hoja hiyo siikubali. Msamaha haukuwekwa kwa ajili ya matofali. Uliwekwa mwaka 1934, na umeendelea kuwekwa, ili mtu asifukuzwe na mtoza kodi mahali anapolala yeye na watoto wake. Na mtu aliyekwisha kulala kwingine, akaigeuza nyumba ya kwanza kuwa chombo cha kuchumia, hakabiliwi tena na hatari ile. Kumwachia ahueni ni kuchukua mali ya umma, fedha za mwalimu na za mzima moto, na kumpa mchumi kwa jina la mkaazi. Mpaka hapo niko upande wa sheria, na ndiyo sababu nimewakemea wanaonyamaza.

Lakini sheria inaishia hapo kwa mwenye nyumba, nami siwezi kuishia hapo, kwa sababu nyumba ile haikubaki tupu. Ameingia mtu mwingine na mkewe na watoto wake, anaamka humo alfajiri kwenda kazini, watoto wake wanasoma katika shule ile ile inayolipiwa na kodi ile, na yeye, ghairi ya jina lililomo katika hati, ndiye mkaazi wa nyumba hiyo kwa kila maana ambayo wapiga kura wa 1934 waliikusudia. Nyumba iliyokuwa ikilipa dola 3,210 kwa sababu ina mkaazi, sasa inalipa 7,200 ilhali ingali ina mkaazi. Na mwenye nyumba, pindi soko likimruhusu, atazichukua zile dola 332 za mwezi na kuzitia katika pango. Aghalabu mpangaji ni mwenye kipato kidogo kuliko aliyempangisha. Almuradi ahueni iliyobuniwa kumlinda mnyonge asifukuzwe katika maskani yake imekuwa mzigo juu ya yule ambaye hana hata maskani ya kumiliki, na kadiri pengo la wenye kukaa muda mrefu linavyozidi kupanuka, ndivyo kodi inavyoegemea zaidi juu ya waliofika juzi na wanaopanga. Hii ndiyo maana ya neno langu kwamba pepo ya mmoja inalipiwa na mwingine.

Yako majimbo yaliyoliona jambo hili. Michigan, katika kuhesabu nafuu ya kodi kwa wenye kipato kidogo, inamhesabia mpangaji kwamba asilimia 23 ya pango alilolipa ni kodi ya majengo, kana kwamba ameilipa kwa mkono wake, naye aweza kurudishiwa sehemu yake. Minnesota nayo ina nafuu kwa wapangaji. Ni kukiri kulikonyooka kwamba mtu anayelala ndani ndiye alipaye mwishowe, na natamani kukiri huko kungeenea.

Sisi wa pwani na bara ya Tanzania tumepewa somo hilo kwa namna ya wazi kabisa. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwa njia ya LUKU, mtu anaponunua umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikafika 1,500 mwaka 2023. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Imesemwa kwamba mpangaji amdai mwenye nyumba wapatane katika pango. Na kila aliyepata kupanga chumba Tandika au Manzese anajua uzito wa kumwendea mwenye nyumba kumdai shilingi 1,500 ya mwezi uliopita. Hudai mara moja, kisha huacha.

Na katika kodi hiyo kuna msamaha unaofanana na ule wa Florida kwa nia yake: mzee aliyetimiza miaka 60 husamehewa nyumba moja anayoishi humo. Ni sheria njema, lakini inakutana na nyumba zetu zilivyo, na nyumba zetu hazikugawanyika katika makundi mawili safi ya kukaa na ya kupangisha. Itazame nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, uani jikoni na choo. Bi mkubwa mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini, analala chumba cha mbele kulia. Cha mkabala wake anakaa mjukuu wake bila malipo. Vinne vilivyobaki vimepangishwa, na pango la vyumba hivyo ndilo limpalo unga na dawa za shinikizo la damu. Ukisema nyumba hii ni ya biashara, umemtoza kodi mjane katika chumba anacholala. Ukisema ni makazi matupu, umefungua mlango ambao kesho mwenye nyumba ya ghorofa tatu atamweka mama yake mzee chumba kimoja ili aombee jengo zima msamaha.

Texas, ambayo mjane huyu hajapata kuiona wala hataiona, imelitatua hilo kwa sentensi chache za sheria yake. Nyumba haipotezi hadhi ya makazi kwa sababu sehemu yake imepangishwa. Ila msamaha hauiangukii thamani ya ile sehemu ya mpangaji, unabaki juu ya sehemu ya mwenyewe. Kwa mizani hiyo bi mkubwa angesamehewa vyumba viwili, chake na cha mjukuu, na vinne vingelipa. Na mwenye ghorofa tatu angesamehewa chumba kimoja cha mama yake, basi. Hesabu hiyo si ngumu kwa mtendaji wa mtaa, ambaye vyumba vya mtaa wake anavijua kwa majina ya wakaao. Ningependa waheshimiwa wabunge, watakapoketi tena kuijadili sheria ya kodi ya majengo, waandike humo kwamba msamaha wa mzee ufuate vyumba anavyokaa yeye na wanaomtegemea, na kwamba risiti ya LUKU imwoneshe mpangaji, kwa tarakimu zinazosomeka, ni kiasi gani cha fedha yake kilichokwenda kulipa kodi isiyokuwa yake, ili akienda kumdai mwenye nyumba awe na karatasi mkononi.